Ada ni bure ughaibuni, lakini pesa ya mjomba itarudi lini?

Shangazi, shikamoo.

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu, na kila mara nilijiambia kwamba mimi sitakuandikia, kwa kuwa shida yangu si ya mapenzi wala ya ndoa. Leo nimeshindwa kuvumilia. Mimi ni msichana wa miaka 20, mtoto wa pili kati ya wanne, na naomba usitaje jambo lolote litakalowafanya wa nyumbani wanitambue.

Nilimaliza sekondari nikiwa na alama nzuri za hisabati na fizikia, nikapata nafasi ya kusomea uhandisi wa umeme katika chuo kikuu kimoja cha hapa nyumbani. Ada ya mwaka mmoja inazidi kipato chote cha wazazi wangu kwa mwaka. Mkopo wa wanafunzi niliopangiwa haufiki hata nusu ya ada hiyo, na haugusi chakula, malazi wala vitabu. Niliomba chuo kiniahirishie nafasi kwa mwaka mmoja, wakakubali. Mwaka huo unaisha baada ya miezi minne.

Kaka yangu alinitangulia katika chuo hicho hicho. Alisoma miaka yake yote, akafanya mitihani yote na kufaulu, lakini hakupewa cheti kwa sababu anadaiwa ada ya mihula miwili ya mwisho. Huu ni mwaka wa tatu sasa. Akiomba kazi anaambiwa alete cheti. Akienda chuoni anaambiwa alete pesa. Na pesa hana kwa kuwa kazi hana. Anafanya vibarua vya kufunga nyaya kwenye nyumba za watu. Stakabadhi zake zote za ada ameziweka katika bahasha moja ya kaki na kuifunga kwa mpira, na ile ya juu kabisa ameiandikia kwa kalamu nyekundu kiasi kilichobaki. Yeye ndiye aliyeniambia, "Wewe usipite nilipopita mimi."

Ni yeye pia aliyegundua kwamba vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani havitozi ada. Tangu hapo, yaani kwa takriban miaka miwili, nimekuwa nikijifunza Kijerumani, na kaka ndiye anayelipia masomo hayo kutokana na vibarua vyake. Nimefaulu mtihani wa kiwango cha B1, yaani kiwango cha kati. Nina daftari moja la misamiati na jingine la hesabu za safari, na yote mawili yanakaribia kujaa. Kwa kuwa cheti changu cha sekondari hakiniingizi chuo kikuu cha kule moja kwa moja, wakala mmoja amenitafutia nafasi katika chuo cha maandalizi ambako nitasoma mwaka mmoja, kisha nifanye mtihani wa kuingia chuo kikuu. Wakala anasema nisiwe na wasiwasi, elimu yote ya kule ni bure.

Kikwazo kimebaki kimoja. Ili nipate viza, ninatakiwa kuonyesha euro 11,904 katika akaunti maalumu. Wazazi wangu hawajawahi kuiona pesa hiyo hata kwa ndoto. Mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye ana biashara yake, amekubali kuitoa. Anasema hiyo ni pesa ya kuonyesha tu, kwa hiyo haipotei, na anaihitaji irudi kwa ajili ya biashara. Tumepanga kwamba nikifika nitatafuta kazi ya muda, kisha nitamrudishia euro 700 kila mwezi, ili baada ya miezi 17 niwe nimemaliza. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi kwenye daftari na inakubali.

Mama hataki niende. Anasema watu wa kule hawarudi, na kwamba ni afadhali nianze hapa hapa na mengine yatajulikana mbele ya safari. Baba hasemi kitu. Akiulizwa anajibu kwamba mwenye kuijua njia ni anayeipita. Rafiki yangu mmoja aliniambia kwamba ninakimbia deni kama mwoga, wakati wenzangu wanabanana na mikopo hapa hapa na wanamaliza. Maneno hayo yamenikaa moyoni.

Shangazi, je, ni busara kwenda mbali namna hiyo kwa sababu ya ada tu? Au nichukue nafasi yangu ya hapa kabla haijaniponyoka, nikopeshwe, na liwe litakalokuwa?

Mimi, Mwenye Madaftari Mawili.

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Umefanya vema kuandika. Wala usidhani kwamba safu hii ni ya mapenzi peke yake, maana nyumba nyingi zimetikiswa na ada ya shule kuliko zilivyotikiswa na wivu.

Nikikusikia vizuri, una nafasi mbili mkononi na kila moja ina deni lake. Ukibaki, utadaiwa na chuo pamoja na bodi ya mikopo, na umekwisha kuona kwa kaka yako deni la chuo linavyoweza kumshika mtu mlangoni akiwa amekwisha kutoka. Ukienda, chuo hakitakudai, lakini mjomba atakudai. Rafiki yako amesema kwamba unakimbia deni. Kwa hesabu za daftari lako mwenyewe hukimbii deni lolote. Unachagua utakayekuwa na deni lake. Hilo neno la woga ningeliweka kando kwanza, kwa sababu halikusaidii kuamua. Mtu anayejifunza lugha ngumu kwa miaka miwili ili apate pa kusoma si mwoga, na wanaobanana na mikopo hapa nyumbani nao si wajinga.

Nianze na neno "bure", kwa kuwa ndilo lililobeba mpango wote. Kaka yako hakukosea. Vyuo vikuu vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada kwa shahada ya kwanza, hata kwa mgeni. Mwanafunzi hulipa mchango wa muhula, ambao mara nyingi ni kati ya euro 100 na 350, na katika miji mingi mchango huo humpa pia tiketi ya usafiri wa umma. Lakini mlango huu umewahi kusogezwa, na bado unasogezwa. Baada ya uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya mwaka 2005, majimbo kadhaa yalianza kutoza takriban euro 500 kwa muhula, wananchi wakapinga, na jimbo la mwisho likaacha mwaka 2014. Mwaka 2017 jimbo la Baden-Württemberg likarudisha ada ya euro 1,500 kwa muhula kwa wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya, na mwaka 2024 chuo kikuu cha ufundi cha München nacho kikaanza kuwatoza wageni hao, tena kwa viwango vya juu zaidi. Nchi za kaskazini nazo zilianza kuwatoza wageni kama hao: Denmark mwaka 2006, Sweden mwaka 2011, Finland mwaka 2017, na Norway mwaka 2023. Sikutajii haya ili nikutishe. Nataka tu kwamba unapoandika "bure" kwenye daftari, uandike pembeni yake jina la jimbo, jina la chuo na mwaka.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niisome barua yako mara tatu, nalo ni pesa ya mjomba.

Mjomba wako anaamini kwamba euro 11,904 ni pesa ya kuonyesha. Nadhani hata wewe unaamini hivyo, na si kosa lenu, kwa sababu kuna nchi ambako ubalozi hutazama taarifa ya benki tu, na ukishapata viza hakuna anayeuliza pesa ilikwenda wapi. Akaunti ya Ujerumani haiko hivyo. Pesa ikiingia inafungiwa. Huwezi kuitoa yote na kumrudishia mwenyewe. Inafunguliwa kidogo kidogo, euro 992 kwa mwezi, mara 12, na ukizidisha utapata hiyo hiyo 11,904. Serikali yao haikuchagua kiwango hicho kwa kubahatisha. Wameona kwamba hicho ndicho mwanafunzi anachohitaji ili ale, alale na atibiwe. Kwa maneno mengine, mwanangu, pesa ambayo mjomba anaiita ya kuonyesha, ubalozi unaiita chakula chako.

Fungua daftari la hesabu tufanye pamoja. Mwezi unaanza, akaunti inakupa 992. Unampelekea mjomba 700. Zinabaki 292. Bima ya afya ya mwanafunzi ni ya lazima na inazidi euro 120 kwa mwezi, kwa hiyo zinabaki kama 170, na hapo hujalipa chumba. Chumba cha bweni la wanafunzi katika mji wa gharama nafuu kama Leipzig au Chemnitz peke yake kinaweza kuimaliza hiyo 170 na kudai nyingine. München ndiyo usiitaje kabisa. Kisha ipo miezi mitano ya mwisho katika ile 17 yenu. Akaunti itakuwa imekwisha mwezi wa 12, na kibali chako cha ukaazi kitakapohitaji kuongezwa, utaulizwa tena kama una pesa za kujikimu kwa muda unaofuata. Wakati huo utakuwa bado unamlipa mjomba pesa ya mwaka uliopita.

Utaniambia kwamba utafanya kazi, na kweli sheria inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, kwa hiyo siku 140 za saa nane zingekupa zaidi ya euro 14,000 kabla ya makato. Nakubali kwamba kwenye karatasi hesabu yako inakaribia kusimama, na ndiyo maana sikulaumu kwa kuiamini. Nakuomba tu uangalie ni mambo gani lazima yote yatokee ili isimame: upate kazi mara tu unapofika, kwa Kijerumani cha B1, uitumie kila siku unayoruhusiwa bila kuumwa wala kukosa zamu, na ufanye hayo yote katika mwaka wa maandalizi, ambao una vipindi karibu saa 30 kwa wiki, vingi vikiwa vya hisabati, fizikia na Kijerumani kilekile unachokifukuzia. Mtihani wa mwisho wa mwaka huo ukiukosa, unarudiwa mara moja tu. Ukiukosa tena, chuo kikuu ulichokifuata hakikupokei kwa njia hiyo. Umesema kwamba umepiga hesabu mara nyingi na inakubali. Je, umewahi kuipiga ukiwa umeweka mwezi mmoja ambao hukupata kazi?

Kwa hiyo, kabla ya kuniuliza kama uende au ubaki, ningependa uzungumze na mjomba ukiwa na daftari mkononi, na umweleze akaunti hiyo inavyofanya kazi. Huenda akasema, "Kama ni hivyo, nilipe ukimaliza shahada," na mpango wako ukageuka kabisa kuwa mzuri. Huenda akajitoa, na hilo litakuuma, lakini ni afadhali likuume hapa kuliko uko kule na yeye anampigia mama yako simu. Maana chuo kikidai huzuia cheti. Mjomba hana cheti cha kuzuia. Anachoweza kukizuia ni undugu wake na mama yako. Jiulize pia kama hofu ya mama ni ya kutorudi kwako peke yake. Yeye ndiye atakayekaa katikati ya mdogo wake na binti yake kila mwezi ambao pesa haikufika, na pengine amekwisha kuliona hilo kabla yetu sisi tunaopiga hesabu.

Kuna swali jingine ambalo barua yako haikulijibu. Chuo hicho cha maandalizi ulichotafutiwa ni cha umma au cha binafsi? Vya umma kwa kawaida havitozi ada, ila vina mtihani wa kuingilia na nafasi ni chache. Vya binafsi hutoza, na wakati mwingine ni maelfu ya euro kwa mwaka huo mmoja. Wakala anayekuambia "elimu yote ni bure" bila kukutajia tofauti hiyo, ama haijui ama hataki uijue. Simjui mtu huyo na sitaki kumsingizia. Wewe chukua barua ya udahili, tafuta jina la chuo, kiandikie mwenyewe kwa Kijerumani chako cha B1, na uulize mambo mawili: ada ni kiasi gani, na je, vyuo vikuu vya umma vinautambua mtihani wao? Itakuwa barua yako ya kwanza ya kikazi katika lugha hiyo, na majibu utakayopata yatakuwa na thamani kuliko ahadi za mtu wa kati.

Tukiacha pesa ya mjomba, njia ziko zaidi ya mbili, ingawa hakuna hata moja isiyo na miiba.

Ipo njia ambayo huenda hukuifikiria kwa sababu inafanana na ushauri wa mama, nayo ni kuanza hapa kwa nia ya kuhamia kule. Kwa vyeti vya sekondari vya nchi nyingi, Ujerumani humruhusu mwanafunzi aliyekwisha kufaulu mwaka mmoja au miwili ya chuo kikuu kinachotambuliwa nyumbani kwao kuomba moja kwa moja katika fani ileile, bila kupita maandalizi. Kanuni hutofautiana kwa kila nchi, na zinapatikana katika hifadhidata yao ya wazi iitwayo anabin. Ikiwa cheti chako kimo katika kundi hilo, mwaka wa kwanza wa hapa hautakuwa mwaka wa kushindwa. Utakuwa umechukua nafasi ya ule mwaka wa maandalizi, huku ukiendelea kukipandisha Kijerumani hadi C1, yaani kiwango cha juu, ambacho ndicho kiwango vyuo vikuu vingi hutaka kwa shahada ya kwanza. Hatari yake unaijua, kwa sababu ni ile ya kaka yako: ukianza kwa mkopo usiofika nusu, malimbikizo huanza muhula wa kwanza, na mwanafunzi anayedaiwa anaweza kunyimwa hata ile nakala ya matokeo ambayo Wajerumani wataitaka. Njia hii inataka uwe na uhakika wa ada ya mwaka mmoja au miwili kamili kabla ya kuingia. Isikubaliwe kwa "mengine yatajulikana mbele".

Wapo wanaosubiri hadi shahada ya uzamili. Huko programu zinazofundishwa kwa Kiingereza ni nyingi zaidi, na ufadhili kama wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, huwalenga zaidi waliokwisha kuwa na shahada ya kwanza. Lakini huwezi kuomba uzamili kwa cheti kilichofungiwa kwenye kabati la mhasibu, kwa hiyo njia hii inakurudisha kwenye swali lile lile la nyumbani.

Na ipo ile ambayo watu wenye alama nzuri huidharau: mafunzo ya ufundi ya Ujerumani, ambayo huchukua kama miaka mitatu hadi mitatu na nusu, ambapo mwanagenzi huajiriwa na kampuni, husoma chuo cha ufundi siku kadhaa, na hulipwa posho kila mwezi. Kwa mtu anayependa umeme kazi hiyo ipo, na B1 mara nyingi hutosha kuanzia. Utatoka ukiwa fundi mwenye cheti, si mhandisi, na nadhani ndani ya nyumba yenu neno "fundi" lina uchungu wake kwa sasa. Sikusukumi huko. Nimeitaja kwa sababu ndiyo njia ambayo mjomba asingehitajika kwa kiasi kilekile, kama posho hiyo inatosha kukulisha, na kwa sababu wapo walioingia chuo kikuu baada yake.

Upande wa kubaki sitausemea mengi, kwa kuwa una mfano hai mbele yako na unaujua kuliko mimi. Ila chunguza jambo moja: ni nini hasa kilichomfikisha kaka yako kwenye ile mihula miwili? Je, ada ilipanda katikati, mkopo ulichelewa, au mtu aliyeahidi kuchangia aliacha? Kama sababu hiyo imekwisha, njia yake si lazima iwe yako. Kama bado ipo, nafasi yako ya hapa ina shimo lilelile, na alama zako nzuri hazitalifukia. Muulize pia mhasibu wa chuo, ukiwa bado hujaingia, kama wanakubali kulipwa kwa awamu na kinatokea nini awamu ikichelewa. Omba majibu yawe ya maandishi.

Jambo la mwisho upande wa safari, kwa kuwa umechagua uhandisi. Mhandisi katika nchi nyingi hasajiliwi na bodi ya taaluma kwa shahada peke yake. Bodi hutazama pia shahada ilitoka wapi na ilikuwa na masomo gani. Kama ndoto yako ni kurudi, iulize bodi ya nyumbani leo kama inaitambua shahada ya kule, hasa ile ya vyuo vikuu vya sayansi tendaji, ambavyo kwa mtu wa vitendo huwa vizuri sana. Na kama moyoni unafikiria kubaki kule, nalo si dhambi. Mhitimu hupewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi ya taaluma yake. Ila mwambie mama ukweli, maana anasema watu wa kule hawarudi, na katika barua yako nzima hukuandika mahali popote kwamba wewe utarudi.

Hilo nimeliona, na nimeliona na lingine ambalo sijui kama wewe umeliona. Barua yako inaanza na ada yako na kuishia kwenye ada yako, lakini katikati yake amekaa kaka. Amekutafutia nchi, analipia Kijerumani chako kwa pesa ya vibarua, na bahasha yake ya kaki umenieleza hadi mpira unaoifunga. Kwa miaka miwili pesa hiyo ya masomo imetoka mfukoni mwa mtu ambaye cheti chake kinasubiri ada ya mihula miwili. Hukuniuliza lolote juu yake. Pengine ni kwa sababu jibu unaliogopa, au pengine yeye mwenyewe amekukataza kulitaja.

Sisemi kwamba pesa ya mjomba iende kwake, wala kwamba wewe uache. Sijui mihula miwili ile ni kiasi gani ukilinganisha na euro 11,904. Wewe unajua, imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Iweke tarakimu hiyo kwenye daftari lako la hesabu, kwenye ukurasa mmoja na zako, halafu kaeni nyinyi wawili siku ambayo hana kibarua. Usimuulize kama anakuruhusu uende, kwa kuwa hilo amekwisha kulijibu. Muulize yeye angefanya nini kesho asubuhi kama cheti chake kingekuwa mezani, na umsikilize hadi amalize. Kisha nenda kwa mjomba. Miezi minne inatosha kwa mazungumzo hayo mawili na kwa barua moja ya Kijerumani, na majibu ukiyapata niandikie tena, tuendelee kutoka hapo.

Akupendaye, Shangazi.